Futi Sita

Baba mkwe hakuuza shamba.
Hilo alilirudia mpaka anazikwa... hapana, mpaka anachomwa,
maana huko Khairgarha maiti hupewa moto:
sikuuza shamba, niliuza udongo tu,
futi sita kwenda chini, hati ipo.
Na kweli ipo. Dulari ameiona,
imekunjwa ndani ya kopo la majani ya chai,
dole gumba la mzee kwa wino wa zambarau
pale ambapo mwingine angeandika jina.

Tanuru likala futi sita, likatema matofali,
matofali yakapanda malori kwenda mjini
kuwa ghorofa za watu wasiouliza.
Kilichobaki si shamba, si shimo.
Mvua za Sawan zikiisha, huwa kidimbwi cha mbu;
joto likirudi, huwa vumbi
linaloingia hadi kwenye chumvi.

Na Dulari alifyatua matofali hayo,
elfu moja kwa siku, yeye na Budhiram,
mtoto amelazwa chini ya toroli.
Kwa hiyo akilitazama shimo anajua
sehemu yake ilipita viganjani mwake.

Mwaka wa kwanza mianzi ilikuwa majani matatu, manne,
kama nyasi zilizopotea njia.
Jirani Chhedilal akauliza: unapanda fagio?
Mwaka wa pili, fimbo za kuchungia mbuzi.
Akabeba samadi kichwani,
samadi ambayo wenzake waliikanda mikate ya kuwashia jiko,
akaizika. Mama mkwe akanuna wiki nzima.
Hakuna aliyemwambia
kwamba mwanzi hujenga chini kwanza,
gizani, bila shahidi.

Mwaka wa tatu, usiku, mvua imenyamaza,
akasikia kitu kikipasua ganda lake.
Asubuhi chipukizi lilimfika gotini.
Akafunga uzi mwekundu kwenye ncha.
Kesho yake uzi ulikuwa kiunoni.
Hakumwita mtu. Alisimama tu,
mikono mitupu, kama mgeni arusini.

Sasa mtambo wa gesi umewekwa kwenye banda la mkandarasi,
chini ya dohani ya tanuru la zamani,
ndefu, baridi, haina la kufanya.
Mianzi hukatwa vipande, huingia mdomoni mwa chuma,
na waya hutoka upande wa pili na taa arobaini na moja.

Usidhani ni utajiri.
Karani wa mizani huchoma kipimo chake, husema:
unyevu ishirini na nane, mama, napunguza kilo kumi na moja.
Dulari huinua kipande, hukigusisha shavuni.
Hiki kimelala juani siku kumi na saba.
Mbona umepima kwenye fundo? Pima katikati ya pingili.
Kijana hupima. Kumi na tano.
Huandika upya, bila kuinua macho.
Hela hiyo ililipa deni la Budhiram kwa mwenye tanuru,
lote, isipokuwa riba ya riba,
ambayo bado wanabishania.

Saa tatu usiku taa hufifia kidogo, kisha hukaza.
Suguna, yule wa chini ya toroli,
huinua kichwa kutoka kwenye daftari la hesabu:
leo wanachoma ya nani?
Yetu, hujibu Dulari. Safu ya karibu na kisima.
Hajui. Lakini hujibu.

Leo alfajiri alikwenda kutawanya masizi ya mtambo
kwenye mashina. Akapekua majani makavu yaliyoanguka,
ya mwaka huu, ya mwaka jana, ya juzi yaliyokwisha kuoza,
akachomeka kidole.
Kikazama mpaka kwenye pingili ya kwanza,
ndipo kikagonga ule mfinyanzi mgumu wa zamani.
Udongo. Mweusi, wenye mnyoo mmoja.

Pingili moja kwa miaka saba.
Futi sita.
Akaanza kupiga hesabu, akafika mbali,
akacheka peke yake,
akamfunika mnyoo.