Kikohozi katika Faili la 417

Tartu, saa nne usiku. Theluji imegeuka tope.
Mkutano utafunga mlango siku itakapoisha
kwenye kisiwa cha mwisho kabisa duniani;
Maarika bado ana saa kumi na saba.

Anakagua: rekodi elfu mbili za barafu ya ziwa Peipsi
ikipasuka, majira kumi na moja ya baridi,
leseni, kiungo kinachofunguka, maelekezo
ambayo hata mgeni hatapotea nayo.

Lakini kanuni ni kanuni: wahakiki wasijue
kazi ni ya nani. Futa majina.

Endel alizikwa Oktoba.
Jina lake limo katika programu mara sitini na tatu.
"Usiguse mstari huu. Unafanya kazi, sijui kwa nini. Endel."
Anafuta. Anafuta.
Unabaki mstari unaofanya kazi
na hakuna wa kukiri kwamba hajui.

Kisha faili la 417, dakika ya tatu:
barafu inanguruma mbali, na karibu sana
mtu anakohoa, anaiomba barafu radhi.

Mhakiki wa pili atauliza: kelele hii, mbona haikusafishwa?

Kwenye jedwali, safu ya mwisho, anaandika:
"Chanzo hakijulikani. Isifutwe."

Halafu anatuma.