Friji ya Ciorstaidh

Stornoway, Desemba. Saa kumi jioni ni usiku.
Mwenye nyumba wangu, Ciorstaidh, mkutubi mstaafu,
tangu asubuhi ana sentensi moja:
mwanamke anafungua friji, wala hana njaa.

“Kigaeli chetu,” asema, “kimezoea kulilia wafu,
kuhubiri, kusimulia mbele ya udongo unaowaka.
Lakini mtu kusimama tu jikoni, akiwaza,
bila vina, bila Mungu kumsikiliza,
hilo bado tunajifunza.”

Namwambia hata kwetu utenzi ulitangulia,
riwaya ikafuata, imevaa viatu vya kuazima.
Anacheka. Friji mnaiitaje?
Friji.
“Sisi tunalo neno safi la kamusi.
Mama yangu hakulitamka hata siku moja.”

Analifuta. Anaandika la mama,
la kukopa, lenye mafuta ya samaki.
Wasomaji, akikisia, mia mbili;
nusu yao huketi nyuma yake kanisani
na watauliza huyo mwanamke ni nani.

Usiku wa manane
nasikia mlango wa friji chini ukifunguka.
Nasubiri ufungwe.
Haufungwi.