Mtaa wa Handaki

Hapa penye duka la vipuri,
benki, na mashine ya kukamua miwa,
palikuwa na handaki la kumeza mtu
aliyepanda mabegani mwa mtu.
Halikuchimbwa na trekta. Majembe ya mti,
vikapu, na wanawake waliokula ndizi wamesimama.

Lami haijui. Lami ni mgeni.
Maji ndiyo mwenyeji: masika yakianza
hayaulizi ramani ya manispaa ya Moshi,
yanashuka kutoka Kibosho, yanapinda kona ya fundi Kiwia,
yanabeba viatu ambavyo wenyewe hawajalipia
hadi pale pale yalipokuwa yakilala.

Bibi Aikaruwa alipofika kwenye pundamilia
alisimama, akataja ukoo wake taratibu,
kama anayemjibu mlinzi ng'ambo,
kisha akanyanyua mguu juu
kuvuka gogo lisilokuwepo. Kila mara.
Bodaboda walipiga honi. Mimi niliona aibu,
nikamvuta mkono.
"Ngoja," alisema, "hajaitikia."

Mama yake ndiye aliyemfunza:
usiku, asiyetaja jina huondolewa daraja.

Mwaka huu wamechimba wapitishe bomba.
Nilichungulia: udongo mweusi, chura,
na mzizi wa isale, ungali mbichi.
Kesho yake wakafukia.

Jana nilikuwa na haraka, risiti mkononi.
Gari la maziwa likanipisha.
Nikasimama.

Sikumbuki kama nilitaja jina kwa sauti au moyoni,
ila mguu wa kulia
ulipanda wenyewe.