Kidole Gumba cha Mguu wa Kushoto

Muuzaji wa Mtaa wa Rufiji hakuniuliza nina shilingi ngapi.
Alinitazama kuanzia kofia hadi viatu,
safari fupi, macho yake yalifika upesi,
akasema, "Dada, skuta ziko kule nyuma."

Sitaki skuta, bwana Masatu.
Nimepangiwa kata tatu za pamba huko Kwimba.
Lami itanifikisha nusu;
nusu iliyobaki ni mbuga, udongo mweusi
unaomeza gumbuti mvua ikinyesha
na kupasuka kama kisigino jua likirudi.
Nataka chombo kinachojua lugha zote mbili.

Akanipandisha juu ya ile nyekundu.
Nikaona mabati ya jirani, nikaona kutu yake,
miguu yangu inaning'inia kama soksi kwenye kamba.
Mashine ikaanza kuinama, polepole, kwa adabu zote.
Watu watatu waliruka wakaidaka.
Mimi hakuna aliyenidaka.

Usiku, Mabatini, nilijipima ukutani:
daftari katikati ya mapaja, penseli, futi ya mshonaji.
Sitini na tisa.
Nikaiandika kiganjani
nikaizungusha mjini kama cheti cha hospitali.
Kirumba wakanijibu themanini na tisa.
Nyakato, themanini na sita,
na bei yake ukiisikia unapungua kimo hapo hapo.
Mmoja akanishauri nitafute mume mrefu.

Fundi Lutonja wa Igoma hakucheka.
Labda kwa kuwa yeye hushinda amepiga magoti,
na kutoka pale chini sote tuko sawa.
Alikuwa na moja kuukuu, iliyovuka na kivuko kutoka Nansio,
mchanga wa Ukerewe bado umo kwenye mnyororo,
nyembamba, nyepesi, tangi limebonyea
kama shavu la mtu anayenyonya embe.
Akaivua kiti, akachonga sponji kwa kisu cha mkate.
Akagusa shokapu, akasita.
"Kila sentimita ninayokupa wewe
naiiba tumboni mwake.
Nikikupa zote, mawe yatakuja kudai."
Akanipa tatu. Nikaomba ya nne. Akakataa.

"Miguu miwili ni ya kusimamia foleni ya maji," alisema.
"Pikipiki inataka mmoja, tena nusu yake.
Wa kulia uache kwenye breki.
Sogeza tako, shusha kushoto. Usiitazame ardhi.
Ardhi haijahama."

Wiki mbili nilizunguka Mwanza nikijifunza kusimama.
Kuendesha nilikuwa najua.
Na nikagundua mji huu umewafikiria wafupi:
kila penye kona pana jiwe.
Lipo la pale Mabatini, lina mgongo wa kiboko,
lipo la Nyegezi, wameliandika HAPAUZWI,
nikiyafikia nilikanyaga, nikapumua,
nikawatazama warefu machoni.

Kwimba hakuna jiwe.
Hilo hakuna aliyenitajia.
Bapa, bapa hadi jicho linachoka,
halafu ng'ombe arobaini katikati ya njia
na mtoto mwenye fimbo asiye na haraka yoyote.
Breki. Tako. Kushoto.
Nikashuka, nikashuka, bado nashuka,
kidole gumba kikaugusa udongo,
udongo ukafikiri,
kisha ukalainika.

Tulilala pamoja, mimi na ya Nansio,
taratibu kuliko nilivyoogopa.
Ni nyepesi: nilipiga goti, nikaipa mgongo,
nikasukuma kwa mapaja yangu mafupi, ikainuka.

Mama Kwandu alikuwa amesimama shambani mwake,
pamba imemfika kiunoni. Mimi ingenifika kifuani.
"Mwangaluka. Umeanguka?"
"Nimeshuka," nikasema.
Akautazama ubavu wangu mweusi kwa tope,
akautazama usukani uliopinda kidogo, akaona unatosha.
"Basi njoo," akasema, "viwavi wako huku."