Namba Bila Kasha

Kasha kubwa halibebi kasha dogo.
Hili nilichelewa kulielewa.
Linabeba namba yake tu, alama saba,
herufi na tarakimu zimekorogwa pamoja,
kama mtu anayekuandikia: ufunguo uko kwa jirani,
nyuma ya birika,
na jirani kahama.

Tulikuwa wanne kwenye ile kazi ya zahanati:
mimi Nguba, Nsimire Goma,
Kyungu Lubumbashi na umeme wake wa kubahatisha,
na Cirhuza wa Kadutu, juu kabisa, ngazi za udongo zinapoishia.
Yeye ndiye aliyetunza kasha la ndani:
majina ya dawa kwa Kimashi,
dozi za watoto, kilo kwa kilo.

Jumatano akasukuma la nje.
La ndani akalisahau.
Akazima mashine, akapanda boti ya Idjwi
kumzika shangazi.

Alhamisi tukavuta, kila mmoja kwake,
na kila mmoja akapata folda yenye jina
na ndani hamna.
Kyungu akaandika: kwangu tupu.
Nsimire: na kwangu.
Tukalaumiana kwa adabu, halafu bila adabu.
Mimi nilifuta vyote nikavuta upya, mara nne,
kana kwamba kuita sana humleta asiyekuwepo.

Namba ilikuwa sahihi. Hapo ndipo palipouma.
Ilielekeza kwenye kitu kilichopo, kilichopo kweli,
ila mahali pamoja tu duniani:
chini ya kitanda cha chuma, Kadutu,
ndani ya mfuko wa plastiki, kwa ajili ya mvua.

Nikapanda. Mvua ilikuwa imezilamba ngazi,
kwingine nilipanda kwa mikono.
Mama yake akajifuta unga wa muhogo vidoleni,
akaitoa mashine, akabonyeza neno la siri
bila kuniambia nigeuke.
Betri, kumi na moja. Umeme, tangu asubuhi, hakuna.
Nikaiunganisha na simu yangu, vistari viwili vya mtandao,
nikasukuma la ndani,
tukakaa kutazama asilimia moja ikipanda
na nyingine ikishuka.

"Kazi yake yote imo humu?"
"Imo humu tu, mama. Sisi kule tulikuwa na namba."

Akatikisa kichwa polepole.
"Hata baba yake," akasema, "alipokwenda Kamituga,
alituachia namba."

Sikujibu.
Tisini na sita.
Betri, tatu.