Wakati Uliopo

Kila Alhamisi, hapa Husavik, naupanga ukurasa wa wafu.
Kwetu huku mtu akifa, waliobaki humwandikia gazetini:
binamu, jirani, kinyozi, yeyote mwenye neno.
Kazi yangu ni kupunguza.
Nimeisomea. Nazijua kwa majina sitiari, tashbihi, takriri,
kama daktari wa mifugo anavyoijua minyoo.

Salvor alikuja na karatasi tatu
ndani ya bahasha ya bili ya umeme.
Theluji ilikuwa bado mabegani, hakuikung'uta.
"Ya Ketill," akasema, akaiweka mezani, akaondoka
kabla sijampa pole.

Ketill: fundi mashine wa kiwanda cha samaki,
miaka arubaini na mmoja, kidole kimoja pungufu.

Nikalitafuta neno *nilimpenda*. Halikuwamo.
Nikatafuta *pengo lisilozibika*, ambalo kila wiki
nalichapa mara tatu, mara nne. Halikuwamo.
Mlikuwa na mlango.

*Ketill anapaka mlango mafuta. Mlango wa nyuma hugoma kwa baridi.
Ketill anausukuma mlango kwa bega, si kwa mkono.
Ketill anakohoa mlangoni kabla ya kuingia, nisishtuke,
maana sikio langu la kushoto halisikii.
Kisha Ketill anafunga mlango. Mlango unafunga.*

Halafu sentensi moja ya mistari tisa,
jinsi pampu ya kiwandani inavyofunguliwa,
nati baada ya nati, na springi, na valvu, na ile ringi ya shaba
ambayo lazima uipashe moto kwanza, na mafuta mekundu, na kitambaa,
haina nukta, haina hata pa kumeza mate,
na chini yake, peke yake kwenye mstari:
*Sahani yake ni ya bluu.*

Basi nikafanya kazi. Milango sita ndani ya aya moja!
Nikafuta minne.
Sentensi ndefu nikaikata vipande vitano,
kila kipande nikakipa nukta yake.
Nikafika kwenye vitenzi. Mtu kazikwa Jumanne,
Alhamisi atakuwaje anapaka mafuta?
Palipokuwa na *na* nikapachika *li*:
alipaka, alisukuma, alikohoa,
li, li, li, kalamu nyekundu ikigonga
kama mtu anayepigilia —

Nikasita hapo. Nilijua ni nini hupigiliwa hivyo.

Nikaisoma upya ile ya kwanza, kwa sauti,
ofisi tupu, hita ikinguruma.
Kwenye ringi ya shaba pumzi ikaniishia.
Nikaelewa kwa nini hakutia nukta:
baada ya nukta kulikuwa na sahani.

Nikampigia simu.
"Bibi Salvor, umeandika kwa wakati uliopo."
Akanyamaza. Nikasikia maji yakichemka upande wake.
"Ndiyo," akasema. "Upo."
"Na mlango? Umeutaja mara sita."
"Mlango gani?"
"Wa nyuma. Mara sita, bibi."
"Sasa wewe kwako unaingilia dirishani?"

Sijui kama alijua alichokifanya.
Miaka minne chuo kikuu nilifundishwa kuuliza
mwandishi amekusudia nini,
na huyu mwandishi alikuwa anataka kukata simu
kwa sababu chai itachacha.

Tukachapa kama ilivyokuja.
Jumamosi akapiga mwalimu mstaafu, Thorgnyr,
ukurasa wa kumi na nne, makosa ya nyakati, aibu tupu,
marehemu anasukuma, marehemu anakohoa,
je, siku hizi gazeti halina mhariri?
Nikamshukuru. Nikafungua daftari la masahihisho,
nikaandika tarehe, nikaandika ukurasa,
nikaandika *Ketill anakohoa*,
na pale panapotakiwa neno sahihi
nikaacha nafasi, upana wa mlango.