Chupa ya Tatu

Ya kwanza nilimuuzia bila kuinua uso.
Ilikuwa Januari, Duluth, ziwa limeganda hadi upeo wa macho,
na kila aliyeingia dukani alikuja na kamasi zake.
Nikapitisha chupa kwenye mashine, ikalia,
nikasema, "Mpe pole mgonjwa,"
nikamrudishia chenji.

Ya pili alisema ni ya baba yake.
Namjua baba yake, Arvid Lindahl:
tangu kiangazi yuko Dakota, kwenye visima vya mafuta,
hurudi siku za sikukuu, na mara nyingine harudi.
Nililijua hilo. Hata vidole vyangu vililijua.
Lakini foleni ilikuwa ndefu,
mama mmoja amebeba mtoto anayelia,
na kijana ana adabu, kofia ameivua.
Mimi nani, nimhoji mtu habari za kifua cha babaye?
Nikauza.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Hawakusema lolote juu ya kikohozi kisichokuwepo,
kinachonunuliwa kwa ujira wa kuzoa theluji za majirani,
kinachonywewa bafuni, mlango umekomewa,
bomba limeachwa wazi lipige kelele.

Dada yake ndiye aliyemkuta.
Signe, miaka kumi na mmoja, alitaka kupiga mswaki.
Akafungua kitasa kwa kijiko.
Kaka yuko sakafuni, macho wazi, hamtambui,
moyo unadunda hata fulana inatikisika,
analiongelesha pazia la bafu kana kwamba ni mwalimu.
Signe hakupiga yowe. Alipiga simu.
Kisha akamfunika taulo, akafunga bomba,
kwa sababu maji, aliwaambia wauguzi, yanalipiwa.

Habari nilipewa na mama yao, Jolene,
kaunta hii hii, akinunua plasta.
Hakunilaumu. Heri angenilaumu.
Alisema tu: "Nilikuwa nakagua chini ya godoro lake.
Nikanusa makoti. Nikatafuta moshi, nikatafuta sindano.
Kumbe kipo kabatini kwangu, kando ya dawa ya meno,
kina picha ya cheri."

Usiku ule nilifungua kabati langu mwenyewe.
Chupa nne. Mbili zimepitwa na muda.
Moja sikumbuki niliinunua lini, wala kwa kifua cha nani.
Mjukuu wangu hulala hapa kila Ijumaa.

Sasa za dukani ziko nyuma yangu, rafu ya juu.
Sikungoja barua kutoka makao makuu;
nilizihamisha kwa kikapu, meneja akaguna, akaniachia.
Ukitaka, uniombe. Ukiniomba, nitakuuliza:
nani anakohoa, tangu lini, kikavu au chenye makohozi,
na ana dawa gani nyingine tumboni?
Wengine hukasirika. Wengine hunisimulia maisha yao yote.
Kijana mmoja alisema "basi" akatoka,
nikamfuata hadi nje, sina koti,
sina la kumwambia ila, "Naitwa Marlys.
Huwa hapa hadi saa tatu usiku."
Hakugeuka. Sijui kama alisikia.

Aprili, barafu ya ziwa ikipasuka kwa vishindo,
Tobin aliingia. Amekonda.
Akasimama mbali na kaunta, kama mtu mbele ya mbwa asiyemjua.
Kisha akakohoa:
kikohozi kizito, cha kutoka chini ya mbavu,
kikamkunja mgongo, kikamtoa machozi.
Tukatazamana.
"Hiki ni cha kweli," akasema,
akaona haya, akacheka, kicheko kikamkohoza tena.

Nikamketisha kwenye kiti cha wanaopimwa presha.
Nikammiminia chai kutoka chupa yangu, nikatia asali.
Nikampigia Jolene simu, palepale, kwa sauti ya kusikika,
naye akaniacha nipige.
Alikunywa taratibu, vikombe viwili,
viatu vyake vikidondosha matope ya theluji sakafuni nilipodeki asubuhi,
akikohoa mbele za watu wote,
bila kukificha.